Kuuguza ndugu mbali na nyumbani: anayeuguza naye anahitaji kupokewa

Wengi wenu mnaotusikiliza vijijini mnaijua habari hii. Hospitali ya wilaya imetoa rufaa, ya mkoa nayo imetoa rufaa, na sasa mgonjwa anatakiwa Dar es Salaam: Muhimbili, Taasisi ya Mifupa MOI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ukoo unakaa kikao, nauli inachangwa, na mtu mmoja anachaguliwa kumsindikiza. Mara nyingi ni binti, mke au mama. Tangu siku hiyo simu zote huuliza hali ya mgonjwa. Hali ya aliyemsindikiza haiulizwi.

Makala hii inamhusu yeye, na inawahusu ninyi mliobaki nyumbani. Akichoka akaanguka, mgonjwa anabaki bila mtu.

Siku zinavyokwenda Msimbazi

Basi la mkoani linashusha Mbezi, Kituo cha Magufuli, na kutoka hapo kuna safari nyingine ya kuingia mjini. Wengi hufikia kwa ndugu aliyepanga chumba kimoja Kariakoo, Gerezani au Ilala, maeneo ya Mtaa wa Msimbazi. Muhimbili si mbali na hapo, lakini njia hiyo hurudiwa kila siku: uji asubuhi, chakula mchana, nguo za kufua jioni, na katikati ya hayo kukimbilia dawa au kipimo.

Matibabu mengine ni ya muda mrefu. Mionzi ya saratani, kwa mfano, inaweza kutolewa siku nyingi kwa wiki kadhaa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mjini hakuna jembe la kumpa. Mwenyeji ana kodi na watoto, na mgeni anaanza kuona aibu ya kula. Wakati huohuo shamba lake kijijini linaota majani.

Gawaneni kazi kwa majina

Wabeba mizigo wa sokoni Kariakoo wanalijua jambo hili: gunia zito hulitwiki peke yako, unahitaji mtu wa kukutwisha na mwingine wa kukutua. Kuuguza ni vivyo hivyo. Neno "tuko pamoja" halimtui mtu. Tunashauri kabla ya safari, au hata leo kama mgonjwa yuko hospitali tayari, ukoo utaje kazi na jina la mwenye kazi:

- Nani atapalilia shamba la anayeuguza na kuangalia mifugo yake?
- Nani atakaa na watoto wake na kuhakikisha wanakwenda shule?
- Nani atakwenda kumpokea, na tarehe gani? Wiki mbili au tatu kwa zamu ni bora kuliko miezi mitatu ya mtu mmoja.
- Nani atapokea simu za ukoo na kutoa habari, ili anayeuguza asirudie maelezo yaleyale mara kumi kwa siku?

Usiyeweza kufika Dar es Salaam, ukimpalilia nusu ekari umemuuguza mgonjwa.

Fedha ziwe na daftari

Ugomvi mkubwa huanzia kwenye michango. Anayeuguza hutumiwa fedha kwa simu, hununua dawa, sabuni, chakula na nauli, kisha husikia anatuhumiwa kuzila. Mtu mmoja nyumbani apokee michango na kuituma. Anayeuguza aandike kila matumizi na kutunza risiti. Chakula chake na nauli yake viandikwe pia, wazi, kwa sababu ni sehemu ya matibabu. Mwenyeji naye akumbukwe, hata kwa kilo chache za mchele au unga kutoka nyumbani.

Kama uwezo umekwisha, usikae kimya. Katika hospitali za umma kuna maofisa ustawi wa jamii wanaosikiliza wasioweza kulipa. Safiri na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji. Sera ya afya ya Tanzania inatoa msamaha wa gharama kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na kwa watoto chini ya miaka mitano.

Omba ufundishwe

Kazi inayotisha hupungua uzito ukishaielewa. Kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, mwombe muuguzi akuonyeshe kwa vitendo: namna ya kumgeuza, kumwogesha, kumlisha na kumpa dawa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila saa mbili, na ngozi ya kiuno, nyonga na visigino hukaguliwa kila siku ili vidonda visianze. Usimnyanyue peke yako. Mtandikieni shuka imara chini yake, mshike watu wawili, mkunje magoti. Mgongo wako ukiumia, hakuna wa kuendelea.

Uliza pia dalili zipi ni za kumrudisha hospitali haraka, na uandike jibu.

Mwili wako na moyo wako

Kula kabla hujatoka. Kama una dawa zako za presha au sukari, usiziache kwa sababu ya mgonjwa wa mwingine. Tafuta saa moja kila siku ambayo ni ya kulala, kusali au kukaa tu kivulini.

Hasira huja, hata kwa unayempenda, na haikufanyi mtu mbaya. Ikipanda, hakikisha mgonjwa yuko salama, toka nje, vuta pumzi, mpigie mtu simu. Lakini ukiona wiki mbili zinapita hulali, chakula hakipandi, unalia au huoni maana ya chochote, mwambie daktari au muuguzi. Mawazo ya kutaka kufa yasisubiri hata siku moja. Mwambie mtu aliye karibu na uende kituo cha afya.

Simu ya leo

Kama ukoo wenu una mgonjwa Dar es Salaam, au mzee wa kuuguzwa nyumba ya pili, mpigieni leo anayemuuguza. Mwulizeni amelala saa ngapi na amekula nini. Kisha mwambieni lini mtakwenda kumpokea, na mtaje tarehe.