Mzee amekufa, nyumba inabaki ya nani?

Bandugu, hapa Likasi wengi tulizaliwa mu nyumba za Gécamines, tunasema “kwetu”. Siku mzee anakufa, njo tunajua kama ilikuwa kwetu ao hapana. Angalieni karatasi. Kama kampuni ilimupa nyumba kwa sababu ya kazi tu, watoto hawawezi kuirithi. Kama alikuwa mupangaji mwenye kontra, dekreti ya 1888 inasema kifo cha mupangaji hakivunji kontra. Mwenye nyumba asiwafukuze mara tu kilio kimekwisha. Kama alikwisha kuinunua, inakuwa ya watoto, lakini Sheria ya Familia ya 1987, artikulo 785, inamuachia mujane haki ya kukaa mule. Bandugu ya mufu wasimutoshe inje! Tuulize mzee karatasi iko wapi wakati angali muzima, hata kama ataudhika.