Kioo cha Mbele cha Pikapu: Kukitengeneza na Kukibadili

Katika vijiji vingi vilivyo kando ya barabara kuu iko pikapu moja ambayo watoto huijua kwa mlio wake kabla haijaonekana. Asubuhi hupeleka nyanya sokoni, adhuhuri huleta saruji, na usiku, mgonjwa akizidiwa, hugeuka kuwa gari la hospitali. Wenye pikapu kama hiyo huangalia sana injini, springi na matairi. Kioo cha mbele hawakitazami. Hutazama mambo mengine kwa kupitia kwacho. Leo twataka kuzungumza juu ya kioo hicho: kikipata dosari kitengenezwe namna gani, na kisipotengenezeka kibadiliwe namna gani. Nasi tuna sababu yetu ya kulichagua jambo hili, kama mtakavyosikia.

Mwaka 2017 chuo chetu cha ualimu kilikuwa na pikapu ya Land Rover aina ya Defender, ya bodi ndefu, iliyokwisha kutumika miaka mingi. Siku moja ilikuwa ikitoka Mikumi kuelekea Iringa, imechukua mahindi na maharage, pamoja na vitabu vya wanafunzi waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mbele yake lilikuwa lori, moja katika yale mengi yaendayo Tunduma na Zambia, na tairi lake likarusha kokoto. Likasikika pigo moja, ta! na juu ya kioo, upande wa abiria, ikabaki alama kama nyota ya mikono mitatu, isiyopita upana wa sarafu. Jioni tulikwenda kuitazama. Dereva wetu, mtu mzima mwenye busara nyingi za barabarani, akatuambia, "Mwalimu, hili ni kovu, si kidonda. Litakaa hivi hivi mpaka gari life." Tukamsadiki, maana hata sisi tulipenda kusadiki hivyo; fedha za chuo zilikuwa chache.

Ili kulifahamu kosa letu yapasa kwanza kujua kioo hicho ni kitu gani. Kioo cha mbele cha motokaa ni vioo viwili vyembamba vilivyogandamana, na katikati yao umo utando mwangavu wa plastiki, ambao kwa kawaida haufiki unene wa milimita moja. Jiwe likipiga, kioo cha nje huvunjika, utando huzuia, na mara nyingi kioo cha ndani husalimika. Habari za asili yake ni za ajabu kidogo. Husimuliwa kwamba mwaka 1903 Mfaransa mmoja, Édouard Bénédictus, aliyekuwa mchoraji na pia mkemia, aliangusha chupa ya kioo katika chumba chake cha kazi. Chupa ikapasuka, lakini vipande vyake havikutawanyika. Alipoichunguza aliona kwamba zamani ilikuwa na dawa ya majimaji iliyokauka ikaacha utando ndani, na utando huo ndio ulioshika vipande. Mwaka 1909 akapata hati ya kuulinda uvumbuzi wake. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 kioo cha namna hiyo kilitumika katika macho ya vinyago vya kuzuia gesi ya sumu, na baadaye kikaenea katika motokaa, ambamo kabla yake vioo vya kawaida vilikuwa vikikata watu nyuso na shingo.

Vioo vya milangoni, kwa desturi, ni vya namna nyingine. Hivyo hupashwa moto mkali, kisha hupozwa ghafula kwa upepo. Vikivunjika huwa punje punje zisizo na makali. Tutalirudia jambo hili, kwa kuwa mtu asiyejua tofauti ya vioo aweza kuuziwa mauti.

Sasa, kwa nini nyota ndogo hukua ikawa ufa? Kioo ni hodari sana kikibanwa, lakini ni dhaifu kikivutwa. Jua la mchana hukipasha moto katikati, nacho hutanuka. Kingo zake, zilizofichwa chini ya mpira, hubaki na ubaridi, basi huvutwa na ile sehemu ya katikati. Ndiyo sababu dosari iliyo karibu na ukingo huenda mbio kuliko iliyo katikati. Tena pikapu yenye mzigo ikipita katika mashimo, mwili wake wote hujipinda kidogo, na fremu ya kioo hujipinda pamoja nao. Ncha ya kila mkono wa nyota ni nyembamba mno, na nguvu zote za kuvuta hukusanyika pale pale, kama nguo iliyochanika kidogo ambayo mkono wa mtoto waweza kuendelea kuichana.

Nyota ikiwa bado ndogo, yatengenezeka, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kioo kipya. Jambo la kwanza hufanywa barabarani, na si na fundi: futa mahali pale kwa kitambaa kikavu, ukabandike selotepu juu yake, vumbi na maji yasiingie. Ukiingia uchafu, utomvu hautashika vema. Fundi naye hufunga juu ya dosari kifaa kidogo chenye pampu, hunyonya hewa iliyomo ndani ya nyufa, kisha husukuma humo utomvu mwepesi, mwangavu kama maji. Husukuma na kunyonya mara kadhaa, mpaka hewa yote itoke na mikono ya nyota ififie machoni. Utomvu huo hugandishwa na miali ya jua ile isiyoonekana kwa macho. Mafundi wa nchi za baridi hutumia taa maalumu. Sisi jua letu latosha. Walakini kazi yenyewe ifanyike kivulini, na gari litolewe juani baadaye, maana fundi afanyaye kazi juani huona utomvu umeganda njiani kabla haujafika mwisho wa ufa. Baada ya hapo hukwangua kilichozidi kwa wembe na kung'arisha. Alama hafifu husalia. Asiyependa kuiona na akumbuke kwamba kazi hii hufanywa kwa ajili ya nguvu za kioo, si kwa ajili ya uzuri.

Si kila dosari hutibika hivyo. Ufa mrefu, au uliofika ukingoni, au uliopenya mpaka kioo cha ndani, hauna dawa illa kubadili kioo. Vilevile dosari iliyo mbele ya macho ya dereva, maana ile alama hafifu isaliayo hutawanya nuru ya taa za magari yajayo usiku. Nchini Uingereza motokaa haipiti ukaguzi wake wa mwaka ikiwa na dosari ipitayo milimita 10 ndani ya ukanda wa upana wa milimita 290 ulio mbele ya usukani, au ipitayo milimita 40 mahali pengine pafutwapo na waipa. Twaona ni kipimo chema hata kwa mwenye pikapu wa kijijini, ijapokuwa hakuna askari wa kumpimia.

Turudi kwenye habari yetu. Juma la tatu baada ya lile pigo, pikapu ilisimama juani tangu asubuhi. Saa saba mchana kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, akaja kuiosha, akamwaga ndoo ya maji ya kisima juu ya kioo. Uso wa nje ukasinyaa ghafula hali ndani bado ni moto. Ukasikika mlio kama kijiti kikavu kikivunjwa, na ule mkono mmoja wa nyota ukakimbia kioo kizima, toka upande hata upande.

Tukaipeleka pikapu kwa fundi wa vioo mjini. Kioo cha Defender ni bapa kama cha dirisha la nyumba, hakikupindwa, na hilo ni jambo jema kwa kuwa fundi aweza kukikata mwenyewe. Lakini ni jambo baya pia. Fundi yule alitutajia bei ndogo, nasi tukafurahi. Kazi ikaisha kwa saa mbili, kioo kikang'aa, tukalipa. Hatukuuliza ni kioo gani.

Miezi minne ikapita. Alfajiri moja, karibu na Mikumi, kanga waliruka kutoka majanini wakakatiza barabara, na mmoja akapiga kioo. Kanga si ndege mkubwa. Kioo cha tabaka kingalipata ufa, na dereva angalisimama pembeni kwa salama. Hiki kilipasuka kikaingia ndani kama visu, maana kilikuwa kioo cha kawaida cha dirisha. Dereva wetu aliinua mkono kukinga macho. Macho yakapona, mkono ukakatwa kano. Alishonwa nyuzi 14, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunji vema hata leo. Fundi yule alikosa. Nasi tulikosa vilevile, tuliofurahia bei.

Basi mjue namna ya kukitambua kioo cha haki. Kabla hakijatiwa, tazama ukingo wake: kioo cha tabaka huonyesha mstari mwembamba katikati ya unene, kama mkate wenye siagi. Kioo kitokacho kiwandani huwa pia na muhuri pembeni. Wenye herufi E ndani ya duara na tarakimu ya nchi, pamoja na 43R, umethibitishwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya motokaa. Na kama fundi akikata kioo bapa cha tabaka, mwangalie kazini. Hana budi kukwaruza pande zote mbili kwa kikatio, avunje upande mmoja kisha wa pili, na bado vipande havitaachana, kwa sababu ya utando. Hapo wengine humimina spiriti kidogo katika ufa, huiwasha, utando hulainika, nao hupitisha wembe. Ukimwona fundi akikata mara moja tu na kioo kikaachana, ondoka na fedha zako.

Kukitia kioo katika gari kama hilo ni kazi ya mpira. Mpira unao mfereji mmoja ushikao bati la fremu, na mwingine ushikao kioo. Kisha usoni uko mfereji mwembamba wa tatu, ambamo hupita ukanda wa kukaza. Ukanda huo hutolewa kwanza, na kioo cha zamani husukumwa kutoka ndani kwenda nje. Ndipo kazi yenyewe huanza, nayo ni kutu. Chini ya mpira mkongwe maji hukaa miaka, na bati huliwa kimya kimya. Mafundi wengi wenye haraka hupaka silikoni juu ya kutu na kurudisha mpira ule ule uliokauka. Mvua za masika huja kuwaumbua. Kutu na ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, ikauke kabisa. Mpira mpya huvikwa fremu, hupakwa maji ya sabuni, kioo huketishwa katika mfereji wa chini, na midomo ya mpira huinuliwa kidogo kidogo kukizunguka kwa kijiti laini, kamwe si kwa bisibisi, maana ncha ya chuma ikigusa ukingo wa kioo huanzisha ufa mpya siku hiyo hiyo. Mwisho hurudishwa ule ukanda.

Pikapu nyingi za siku hizi, na zile kubwa za Marekani kama Ford F-250, hazina mpira wa namna hii. Kioo chao hugandishwa kwa gundi nzito, nyeusi, nacho ni kiungo cha mwili wa gari: husaidia kushikilia paa gari likipinduka, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa upande wa abiria hukiegemea unapofumuka. Kioo cha zamani hukatwa kwa uzi wa chuma, mtu mmoja ndani na mwingine nje, wakivutana kama wapasua mbao. Gundi ya zamani haikwanguliwi yote. Huachwa tabaka nyembamba, kwa kuwa gundi mpya huishika kuliko chochote. Mahali palipokwaruzwa hupakwa dawa yake ya kushikisha, na hapaguswi tena kwa vidole, kwani jasho na mafuta ya mkono huharibu kazi. Silikoni ya madirisha haifai hapa hata kidogo. Tena gundi hiyo huganda kwa unyevu wa hewa, na muda wake huandikwa juu ya chupa: nyingine saa moja, nyingine siku nzima. Kabla ya muda huo gari lisiende. Dirisha moja liachwe wazi kidogo, ili mlango ukifungwa kwa nguvu hewa isikisukume kioo kutoka mahali pake. Pikapu mpya zenye kamera nyuma ya kioo huhitaji pia kamera hiyo irekebishwe upya, nayo ni kazi ya fundi mwenye kompyuta yake.

Kujua kama kazi ni njema, mtu mmoja na aketi ndani na karatasi kavu, mwingine amwage maji polepole kuanzia chini kwenda juu. Karatasi ipitishwe pembeni pote, hasa pembe za chini.

Dereva wetu alipopona alirudi kazini. Katika kisanduku cha mbele cha pikapu aliweka selotepu na kitambaa. Mwaka uliofuata kokoto ya pili ilipopiga, karibu na Ruaha Mbuyuni, alisimama, akafuta, akabandika, na jioni ile ile alikuwa kwa fundi wa utomvu Iringa.