Je, Wajua? Seva Hukataa Barua Pepe Kabla ya Kuisoma

Kolwezi, kwenye ofisi zinazohudumia migodi ya Mashamba na Kamoto, ankara na oda za vipuri hupitia barua pepe. Je, wajua yanayotokea mlangoni mwa seva?

Hukumu hutangulia barua. Seva hupewa kwanza anwani ya mtumaji (MAIL FROM), kisha ya mpokeaji (RCPT TO). Maneno ya barua huja baadaye. Jon Postel aliuandika utaratibu huu mwaka 1982.

Kukataa kuna namba. 550 ni kusema: sanduku hilo halipo, usirudi. 450 ni kusema: jaribu tena baadaye. Programu ya Postfix, iliyobuniwa na Wietse Venema, huendelea kujaribu kwa kawaida hadi siku 5.

Sheria ya juu hushinda. Postfix husoma orodha ya sheria kwa mpangilio. Ya kwanza kutoa uamuzi ndiyo hushika. Ukitanguliza ukaguzi wa faili yenye mstari huu wa kuruhusu:

mteja@example.com OK

sheria zilizo chini ya ukaguzi huo katika orodha hiyo hazimgusi mteja huyo. Na kwa kuwa anwani ya mtumaji hughushiwa kwa urahisi, tapeli naye hupita, kama mlinzi wa geti anayemruhusu yeyote anayetaja jina la bosi bila kuonyesha kitambulisho.

Kuandika hakutoshi. Baada ya kubadilisha faili ya sheria za aina hii, fundi huendesha amri ya postmap. Akisahau, seva huendelea kufuata orodha ya zamani.

Zaire haipo hata kwenye intaneti. Nchi hiyo ilipobadili jina mwaka 1997, ilipata kikoa cha .cd, na kile cha .zr kilifutwa mwaka 2001. Seva inayokagua kama kikoa cha mtumaji kipo haitapokea barua ya .zr leo.

Kuna wasiofungiwa. Anwani ya postmaster lazima ipokee barua, ili walio nje wapate pa kulalamikia. Mtumaji mtupu, <>, naye asizuiwe: ndiye huleta taarifa kwamba barua yako haikufika.

Fundi, toa OK kwa uchache. Nawe mhasibu, ukiletewa barua ya kubadilisha akaunti ya benki, piga simu kwa namba unayoijua kabla ya kulipa: hakuna sheria ya seva inayokamata kila tapeli.