Dawa mpya ya kuzuia VVU: Kwa nini Dzaleka isiwe mwisho wa foleni

Dawa inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka inaweza kumkinga mtu asiambukizwe virusi vya UKIMWI. Ushahidi umepatikana, bei nafuu imetangazwa, na shehena za kwanza zimekwisha kufika kusini mwa Afrika. Linalosalia ni kuamua nani ahesabiwe katika mgao wa mwanzo. Makala haya yanaeleza hatua ambazo dawa hupitia kabla ya kumfikia mhitaji, na kwa nini wakimbizi wa Dzaleka nchini Malawi wanapaswa kuingizwa katika hesabu hiyo tangu sasa.

Dawa hii ni ipi?

Jina lake ni lenacapavir, na imetengenezwa na kampuni ya Marekani ya Gilead. Huchomwa chini ya ngozi ya tumbo, kisha husambaa mwilini polepole kwa muda wa miezi 6. Hulishambulia ganda linalobeba vinasaba vya virusi. Ganda hilo likivurugwa, virusi hushindwa kuzaliana. Siku ya kwanza na ya pili mtumiaji humeza pia vidonge, ili kiwango cha dawa mwilini kipande haraka.

Lenacapavir si chanjo. Chanjo huufundisha mwili kujilinda wenyewe, ilhali hapa kinga hudumu kwa kadiri dawa inavyodumu mwilini. Sindano hii pia haimtibu mtu aliyekwisha kuambukizwa, na ndiyo maana kipimo cha VVU hutangulia kila dozi. Vilevile haizuii mimba, kaswende wala kisonono; kwa hayo, kondomu bado ina kazi yake.

Matokeo yaliyoushangaza ulimwengu yalitangazwa Juni 2024. Katika utafiti ulioitwa PURPOSE 1, wasichana na wanawake zaidi ya 5,300 wa Afrika Kusini na Uganda, wenye umri wa miaka 16 hadi 25, walifuatiliwa. Kati ya 2,134 waliopewa lenacapavir, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Miongoni mwa waliopewa vidonge vya kila siku maambukizi yaliendelea, kwa sababu wengi wao hawakuvimeza kila siku. Vidonge hukinga vizuri vikimezwa ipasavyo, lakini maisha ya watu wengi hayawaruhusu kufanya hivyo.

Lilongwe ilichangia ushahidi

Malawi haikukaa pembeni katika safari ya sayansi hii. Katika eneo la Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe kuna kituo cha utafiti cha Mradi wa UNC, unaoendeshwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha North Carolina na Wizara ya Afya ya Malawi. Wakazi wa Lilongwe na wa Blantyre walishiriki katika utafiti wa HPTN 052, ambao mwaka 2011 ulidhihirisha kwamba mtu mwenye VVU akianza matibabu mapema, uwezekano wa kumwambukiza mwenzi wake hupungua mno. Wanawake wa miji hiyo miwili walishiriki pia katika utafiti wa ASPIRE, ulioijaribu pete ya ukeni yenye dawa ya dapivirine na kutoa matokeo mwaka 2016.

Kisha ukaja HPTN 084, uliowashirikisha zaidi ya wanawake 3,200 katika nchi 7 za Afrika, Malawi ikiwamo. Novemba 2020 ilibainika kuwa sindano ya cabotegravir, inayochomwa kila baada ya wiki 8, ilipunguza maambukizi kwa asilimia 89 ikilinganishwa na vidonge. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Desemba 2021, na Shirika la Afya Duniani, WHO, likaipendekeza Julai 2022. Kibali cha kuitengeneza kwa bei nafuu kilitolewa mwaka huohuo wa 2022, lakini matarajio yalikuwa kwamba dawa hizo nafuu zisingepatikana kabla ya mwaka 2027. Maana yake ni kwamba tangu siku ushahidi ulipopatikana hadi siku dawa ya bei nafuu inapotarajiwa, msichana aliyekuwa na miaka 14 anafikisha miaka 21.

Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani linasisitiza kwamba jamii inayoshiriki katika utafiti inapaswa kunufaika na matunda yake. Kwa hiyo wananchi wa nchi hizi wanapoitaka dawa mapema hawaombi fadhila: wanadai sehemu yao katika kazi waliyoifanya.

Foleni ina hatua gani?

Hatua ya kwanza ni usajili. Kila nchi hutaka kujiridhisha kwamba dawa ni salama, na hilo ni haki yake. Hata hivyo, nchi inayoanza uchunguzi wote upya hupoteza muda. Mamlaka za dawa za nchi za kusini mwa Afrika, Malawi ikiwamo, zina mpango wa pamoja uitwao ZAZIBONA, unaoziwezesha kuchunguza faili moja kwa ushirikiano. Utaratibu huo ukitumiwa kikamilifu, miezi mingi huokolewa.

Hatua ya pili ni bei. Nchini Marekani, lenacapavir ya kinga iliuzwa kwa zaidi ya dola 28,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Oktoba 2024 Gilead ilitoa vibali kwa kampuni 6 kutengeneza dawa hiyo kwa ajili ya nchi 120 zenye kipato kidogo, na Malawi ni miongoni mwazo. Septemba 2025 yakatangazwa makubaliano na kampuni mbili za India, Dr. Reddy's na Hetero, ya kuiuza kwa takriban dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Pengo kati ya dola 28,000 na dola 40 linaonyesha kwamba kilichokuwa kikiwazuia maskini kuipata dawa hakikuwa ugumu wa kuitengeneza.

Hatua ya tatu ni kiasi. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, pamoja na mpango wa Marekani wa PEPFAR, uliahidi kuwafikia watu hadi milioni 2 kwa miaka 3. Idadi hiyo ni ndogo kuliko inavyoonekana. Kwa mujibu wa UNAIDS, watu milioni 1.3 waliambukizwa katika mwaka 2024 pekee, ilhali lengo la dunia lilikuwa kushuka hadi chini ya 370,000 ifikapo 2025. Novemba 2025 shehena za kwanza zilifika Eswatini na Zambia. Mpaka wa Zambia upo Mchinji, takriban kilomita 120 tu kutoka Lilongwe.

Hatua ya nne ni siasa za wafadhili. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Huduma za VVU ziliporuhusiwa kuendelea kwa sehemu, dawa za kinga ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Wengine wote walio hatarini walibaki nje kwa maneno machache ya waraka mmoja. Hapo ndipo nchi nyingi zilipotambua jinsi ilivyo hatari kuutegemeza mpango mzima wa kinga kwenye mkono mmoja.

Malawi inajua kutosubiri

Historia ya Malawi ina mafunzo mawili. Dawa mseto za kufubaza VVU zilibadili maisha ya wagonjwa wa nchi tajiri kuanzia mwaka 1996, lakini Malawi ilianza kuzitoa bure kwa upana mwaka 2004. Miaka 8 ilipita katikati, na waliofariki katika miaka hiyo hawakufa kwa kukosekana kwa maarifa.

Mwaka 2011 mambo yalikwenda kinyume. Wakati huo mama mjamzito mwenye VVU alitakiwa kwanza kupimwa kiwango cha kinga ya mwili, na mashine za kipimo hicho zilikuwa chache. Badala ya kusubiri mashine, Malawi iliamua kwamba kila mjamzito au mama anayenyonyesha mwenye VVU aanze dawa mara moja na kuendelea nazo maisha yake yote. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo, na baadaye WHO ikaufanya utaratibu huo kuwa wa dunia. Nchi maskini ilitangulia kwa sababu ilirahisisha huduma ili ilingane na hali halisi ya watu wake.

Kwa nini Dzaleka?

Dzaleka ipo wilayani Dowa, chini ya kilomita 50 kutoka Lilongwe. Zamani ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa katika utawala wa Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ikafunguliwa kuwa makazi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu wasiozidi 12,000, lakini sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kituo chake cha afya kinawahudumia wakimbizi pamoja na wanavijiji wa Malawi wanaoishi jirani, hivyo anayekiimarisha anawasaidia wote.

Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kwa masharti, likiwamo la uhuru wa kutembea. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi kambini, na baadaye polisi iliwakusanya wengi, wakiwamo wenye maduka mjini Lilongwe. Aliyepoteza duka amepoteza pia nauli ya kwenda kliniki ya mjini. Mwaka 2022, Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu na polisi ya Malawi walieleza kuwapo kwa mtandao wa usafirishaji haramu wa binadamu ndani ya kambi. Pale ambapo mgao wa chakula hupunguzwa na wasichana hutafutwa na wafanyabiashara wa watu, hatari ya VVU haipimwi kwa tabia ya mtu peke yake.

Faragha nayo ina uzito wake. Katika nyumba ya chumba kimoja wanamolala watu 6 au 7, kopo la vidonge halifichiki, na anayeliona huenda akadhani mwenye nalo ni mgonjwa. Ziara mbili za kliniki kwa mwaka hazimfichui mtu.

Lugha pia ni kikwazo. Wakongo na Warundi husema SIDA, Watanzania na Wakenya husema UKIMWI, na Wamalawi kwa Kichewa husema Edzi. Maelezo yakitolewa kwa Kichewa na Kiingereza pekee, ni rahisi kwa mama wa Kivu kuondoka akiamini amechanjwa, na asirudi baada ya miezi 6. Kosa hilo lina madhara: dawa hubaki mwilini kwa kiwango kidogo kisichokinga, na akiambukizwa wakati huo virusi vinaweza kujenga usugu.

Nini kifanyike?

Wapo wanaosema kwamba dozi ni chache na kwamba waliokwisha kuambukizwa watangulie. Matibabu yao kwa hakika yasikatizwe hata siku moja. Lakini kila anayekingwa leo hatahitaji dawa za maisha kesho. Tuchukue mfano: kwa bei ya dola 40, dawa ya watu 1,000 itagharimu dola 40,000 kwa mwaka, bila kuhesabu vipimo na mishahara ya wahudumu. Si fedha kidogo kwa Malawi, ila si mzigo unaowashinda wafadhili.

Mambo manne yanahitajika. Mosi, wakimbizi watajwe kwa jina katika mpango wa taifa wa kinga na katika maombi ya fedha kwa Mfuko wa Dunia, kwa kuwa asiyehesabiwa wakati wa kuagiza hapati wakati wa kugawa. Pili, kituo cha Dzaleka kiwe miongoni mwa vituo vya mwanzo, na wauguzi wake wafunzwe pamoja na wale wa Lilongwe. WHO, ilipoipendekeza dawa hii mjini Kigali Julai 2025, iliruhusu kipimo cha haraka kitumike, kwa hiyo maabara kubwa si sharti. Tatu, kumbukumbu za dozi zikubalike Dzaleka na mjini kwa kitabu kilekile cha afya, ili anayehamishwa asikose sindano yake. Nne, maelezo yatolewe kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, na redio ya jamii ya Yetu iliyomo kambini itumike.

Kwa sasa, anayehitaji kinga asisubiri sindano mpya. Aulize kituoni kuhusu kipimo, kondomu na vidonge vya kinga. Huduma za VVU katika vituo vya umma vya Malawi hutolewa bure. Aliyebakwa, au aliyehofia kuambukizwa kwa njia nyingine, afike kituoni ndani ya saa 72 ili aanze dawa za dharura za siku 28. Anayetumia dawa za kifua kikuu amweleze mhudumu mapema, kwani rifampisini hupunguza nguvu ya lenacapavir.

Maombi ya fedha na makadirio ya dawa huandikwa miezi mingi kabla ya dozi kuwasili. Viongozi wa jamii Dzaleka, mashirika ya wanawake na Wizara ya Afya wana nafasi ya kuiweka idadi ya kambi katika karatasi hizo kabla hazijafungwa.