Nani Anahesabu Ushuru wa Soko la Kilwa?

Kilwa iko kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Moero, katika teritwari ya Pweto, mkoa wa Haut-Katanga. Lubumbashi, makao makuu ya mkoa, iko zaidi ya kilomita 300 kusini, na ng'ambo ya maji ni Nchelenge, nchi ya Zambia. Mji huu unakula jasho la ziwa. Mama anayeshusha gunia la samaki wakavu sokoni hulipa ushuru hata kabla hajapata mnunuzi wa kwanza. Mtoza ushuru huchana karatasi kwenye kitabu chake, kipande kimoja akampa mama, kingine kikabaki kitabuni. Hicho kinachobaki ndicho ninachotaka tukitazame. Jioni vipande vyote vinapaswa kujumlishwa, jumla ilingane na faranga zilizokusanywa, na mwezi ukiisha jumla hiyo isomwe mbele ya watu waliotumwa na wanaolipa. Hatua mbili za kwanza zinaweza kufanywa na karani yeyote. Ya tatu inahitaji baraza, na watu wa Kilwa hawajawahi kuitwa kulichagua. Naamini pengo hilo linaugharimu mji kuliko uhaba wa fedha wenyewe.

Mtu akisikia neno baraza hufikiria hotuba, bendera na viti vya mbele. Kazi yenyewe ni ya kawaida sana, tena inachosha. Kikao hufunguliwa kwa kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, ili iulizwe kilichokubaliwa kimefanyika au bado. Kisha huja mambo yenyewe: soko limevuja paa, mfereji umeziba, makaburi yamejaa, taka za wauza samaki zitupwe wapi, nani aruhusiwe kujenga kibanda karibu na gati. Katiba ya Kongo ya 2006 ilitaja miji, makomini, masekta na machefferie (maeneo ya machifu) kuwa ndizo ngazi zinazojitawala chini ya mkoa, na sheria ya Oktoba 2008 ikaeleza kila moja ifanye nini. Komini, kwa mfano, ilipewa masoko, barabara za mitaa, mitaro, maegesho, makaburi, usafi, na kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Pia ilipewa vyombo viwili: baraza lililochaguliwa na watu, na halmashauri tendaji inayoongozwa na bourgmestre. Sekta na chefferie nazo zina vyombo hivyo hivyo. Halmashauri hutenda, baraza huipa bajeti na kuidai hesabu. Teritwari haimo kwenye orodha hiyo. Msimamizi wake ni mtumishi wa serikali kuu, hana baraza la kumhoji. Kwa hiyo mwananchi wa Pweto anayedhani atalalamika kwa baraza la teritwari anatafuta kitu ambacho sheria haikukiweka.

Sheria iliandikwa, lakini uchaguzi wake ulicheleweshwa. Wakongo walipiga kura 2006, 2011 na 2018 kuchagua rais na wabunge, na mara zote tatu karatasi ya diwani haikuwemo. Tarehe 20 Desemba 2023 karatasi hiyo ilionekana kwa mara ya kwanza, ila Tume ya Uchaguzi, CENI, iliiweka kwenye makomini ya miji mikuu ya mikoa peke yake. Lubumbashi, yenye makomini saba ya Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi na Ruashi, ikachagua madiwani wake. Kilwa, Pweto na Kasenga zilichagua rais na wabunge tu. Ngazi iliyo karibu kabisa na mlango wa mwananchi ikaendelea kushikwa na watu walioteuliwa kutoka juu. Aliyeteuliwa anaweza kuwa mtu mwema, na wapo wengi wanaofanya kazi kwa moyo bila mshahara wa maana. Tatizo ni kwamba barua yake ya kazi imetoka Kinshasa au Lubumbashi, na mtu hutoa hesabu kwa yule anayeweza kumfukuza.

Tazama sasa fedha zinazopita. Kwa Kilwa, ushuru wa soko ni sehemu ndogo tu. Mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi, kiasi cha kilomita 50 kaskazini, ulianza kuchimbwa 2002 na kampuni ya Anvil Mining, na mizigo yake ilipita barabarani hadi gati la Kilwa, ikavushwa ziwani kwa matishari kwenda Zambia. Kanuni ya madini ya mwaka huo huo iliagiza asilimia 15 ya mrabaha iende kwa mji au teritwari inakochimbwa. Marekebisho ya Machi 2018 yalibadilisha mgawo: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komini, sekta au chefferie yenyewe, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Muhimu zaidi, fungu hilo la 15 hulipwa na kampuni moja kwa moja kwenye akaunti ya eneo husika, bila kupitia Kinshasa. Juu yake kuna asilimia 0.3 ya mauzo ya mgodi kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka. Kule Lualaba, komini ya Dilala na sekta ya Luilu zimeonja fedha hizo kwa mamilioni ya dola. Hapa ndipo penye hatari ninayoiogopa: sheria imefungua bomba la fedha hadi kwenye ngazi ya chini kabisa, huku ikiiacha ngazi hiyo bila macho ya kuzitazama. Mgodi huweza kusimama na kuanza tena, kama Dikulushi ilivyofanya, na eneo lisilo na kumbukumbu za vikao halitajua miaka ya neema iliacha nini.

Gati nalo lina hesabu zake. Amri ya serikali ya 2002 ilitaja huduma nne tu zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani: forodha, ukaguzi wa bidhaa, uhamiaji na afya. Yeyote anayefanya biashara kwenye maziwa yetu ya mashariki anajua kwamba mikono inayonyoshwa huzidi minne. Mfanyabiashara mmoja mmoja hawezi kupambana nayo. Akikataa, mzigo unaozea juani. Baraza lenye kikao cha wazi lingeweza kufanya jambo dogo lenye nguvu kubwa, nalo ni kubandika kwenye ukuta wa soko na wa gati orodha ya ushuru halali, kiasi chake na jina la huduma inayoupokea. Mtoza asiyekuwemo kwenye orodha angekuwa amevunja sheria mbele ya watu wote.

Kuna habari nyingine ya Kilwa isiyoweza kurukwa. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini, jeshi likaurudisha, na katika kuurudisha watu zaidi ya 70 wakauawa, raia wengi wakiwemo. Mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia washtakiwa wa mauaji hayo mwaka 2007. Miaka kumi baadaye, mnamo 2017, Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake: serikali ya Kongo imevunja haki za watu hao, iwalipe waathirika wanane waliotajwa kwenye shauri kiasi cha dola milioni 2.5, iombe radhi, na ikarabati huduma za jamii zilizoharibiwa mjini. Waliolifikisha shauri huko walikuwa mashirika ya haki za binadamu, na wanastahili shukrani. Lakini uamuzi unaosema jenga upya hutaka mtu wa kuudai kila mwezi, mwenye muhuri wa mji na haki ya kisheria ya kuandika barua kwa niaba ya mji. Mtu huyo kwa kawaida ni baraza. Mjane hapaswi kuwa ndiye anayeifuatilia serikali peke yake.

Ng'ambo ya ziwa kazi hii inaonekana kwa macho. Nchelenge ina baraza la mji, na kila kata humchagua diwani wake katika uchaguzi uleule wa rais. Mwaka 2022 Zambia ilipandisha mfuko wa maendeleo wa kila jimbo kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7, na kamati za kata zikapewa nafasi ya kupendekeza madarasa, visima na mikopo ya vikundi. Siudai ukamilifu wa mfumo huo; malalamiko ya ucheleweshaji yamesikika hadi Lusaka. Hata hivyo mvuvi wa Nchelenge anajua ni nani wa kumkasirikia. Jambo hilo linaigusa Kilwa moja kwa moja, kwa sababu Zambia hufunga uvuvi kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane, na samaki hawajui mpaka. Makubaliano ya nyavu na misimu yangekuwa rahisi kama upande wetu ungekuwa na watu waliochaguliwa wa kukaa mezani na wenzao. Hata Kilwa nyingine, ile ya pwani ya Tanzania katika mkoa wa Lindi, ina halmashauri ya wilaya ambayo sheria ya 1982 inaitaka ikutane angalau kila miezi mitatu, na vitabu vyake hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu, ambaye taarifa yake hufika bungeni. Ukubwa wa mji si sharti la kuhesabiwa.

Wanaopinga wana hoja, na baadhi ni nzito. Wanasema nchi haina fedha za kuchagua maelfu ya madiwani na kuwalipa. Gharama ni kweli. Lakini fedha zinazopotea kwenye vitabu visivyosomwa na mtu ni gharama pia, tofauti ni kwamba hazipigiwi kura na bunge lolote. Posho ya kikao inaweza kuwekwa ndogo, na diwani akaendelea na uvuvi wake au duka lake. Wengine wanasema machifu wa jadi wanatosha, maana wanajua mipaka ya mashamba na historia ya koo kuliko kijana yeyote mwenye diploma. Nakubali, na sheria ya 2015 kuhusu machifu inalinda heshima yao. Hata kwenye chefferie, chifu ndiye anayeongoza utendaji na baraza linakaa pembeni yake. Chifu anayetoa hesabu mbele ya baraza hapunguziwi heshima. Anaondolewa minong'ono.

Hoja iliyo ngumu zaidi inatoka kwenye historia ya Katanga yenyewe. Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa makomini huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na mabourgmestre wanne Waafrika waliochaguliwa wote walikuwa na asili ya nje ya Katanga, wengi wao Kasai. Wenyeji waliona wamepokonywa mji wao, na mwaka uliofuata chama chao, Conakat, kikazaliwa. Tunajua yaliyotokea baadaye, Katanga ilipojitenga. Kwa hiyo wapo wanaosema kura ya mtaa ni kiberiti. Naichukua hofu hiyo kwa uzito, maana imewahi kumwaga damu. Ila tukumbuke kwamba kura ile ilifanyika chini ya mkoloni, katika mji ambao wageni na wenyeji hawakuwa wamewahi kupewa nafasi ya kuamua jambo lolote pamoja, na ushindi wa komini ukaonekana kama ushindi wa nchi nzima. Mabaraza yakiwa mengi, vikao vikiwa vya mara kwa mara na mambo yenyewe yakiwa ni choo cha soko na mfereji, anayeshindwa leo anajua atarudi baada ya miaka mitano. Kuyafunga mabaraza kwa zaidi ya nusu karne hakukuyaondoa maneno ya kabila Katanga. Mara nyingi kuliyaacha yasemwe kwenye baa na mikutano ya hadhara, mahali ambapo hakuna anayeandika muhtasari.

Hoja ya wizi naijibu kwa ufupi. Ndiyo, diwani naye anaweza kuiba. Lakini ataiba mbele ya madiwani wenzake wanaotaka kiti chake, jambo ambalo ofisa wa pekee hana.

Mwisho nitaje jambo ambalo kwangu linazidi yote kwa uzito, ingawa halitajwi kwenye hotuba. Kanda ya afya ya Kilwa, kama nyingine za kando ya Moero, imezoeana na kipindupindu kiasi kwamba watu wanakitarajia. Timu za dharura huja na klorini, huweka vitanda, huokoa maisha, kisha huondoka. Kinachobaki kufanywa ni cha kila siku: choo kwenye kila gati, bomba linalotoa maji sokoni, shimo la taka linalofukiwa, mtu anayelipwa kulinda hayo yote, na fungu la bajeti lenye jina lake. Hakuna shirika la dharura linaloweza kuwa fundi wa bomba wa kudumu. Hiyo ni kazi ya baraza, na ndiyo maana kuchelewesha baraza ni kuchelewesha maji safi.

Kwa kalenda ya katiba, uchaguzi mkuu unaofuata ni wa 2028. Wabunge wa Pweto wanaoketi Lubumbashi na Kinshasa waulizwe tangu sasa, tena kwa maandishi, kama karatasi ya diwani itafika Kilwa safari hiyo. Na kabla ya siku hiyo, kila anayelipa ushuru sokoni au gatini adai risiti yenye namba, aitunze, na vyama vya wavuvi na vya akina mama wa soko vizijumlishe zao wenyewe kila mwezi na kupeleka jumla hiyo kwa anayeongoza. Sheria haimkatazi mtu kuhesabu fedha aliyoitoa mfukoni mwake.