Hesabu Wati Kabla ya Matundu

Umeme wa Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, unatoka mbali. Unazalishwa Bendera, kwenye mto Kiymbi, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa mji, katika kituo kilichojengwa miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Juni 1965 waasi wa Simba, wakiwa pamoja na Wakuba wa Che Guevara, walishambulia ngome iliyokuwa ikikilinda, wakashindwa. Kituo kikabaki, na mji bado unakitegemea. Umeme ukikatika, mwenye hoteli anawasha jenereta, na ofisi ndogo inageukia betri iliyo chini ya meza.

Ni katika mji wa namna hii ambapo swichi ya mtandao ya PoE inaonyesha thamani yake. Swichi ya kawaida inagawa data tu. Hii inapitisha data na umeme katika kebo ileile ya mtandao, hivyo kamera iliyo getini au kifaa cha Wi-Fi kilicho darini hakihitaji soketi karibu yake. Kwingine watu waliipenda kwa sababu inaokoa pesa za kuvuta nyaya za umeme. Kalemie sababu kubwa ni nyingine: vifaa vyote vinakula kutoka chungu kimoja. Ukiilinda swichi kwa betri, umezilinda kamera, simu za mezani na Wi-Fi kwa pamoja, wala huna haja ya kutafuta betri ya kila kona.

Umeme huo haumwagwi ovyo. Ukichomeka kifaa, swichi kwanza inatuma volti chache, zisizofika 11, na kupima ukinzani upande wa pili. Ikikuta takriban omu 25,000, inajua kuna kifaa kinachoomba kulishwa, ndipo inapandisha hadi volti 48 hivi. Ikikosa alama hiyo inapitisha data peke yake, na kompyuta yako inabaki salama. Lakini wako wasiouliza. Redio nyingi za kurushia intaneti kutoka mnara hadi mnara hutumia volti 24 zinazosukumwa muda wote bila kupima chochote. Wauzaji huziita nazo PoE. Kwa hiyo kwenye kibandiko tafuta maandishi 802.3af, 802.3at au 802.3bt, hivyo ni viwango vya IEEE, taasisi ya wahandisi, vya mwaka 2003, 2009 na 2018. Cha kwanza kinatoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, cha pili 30, cha tatu hadi 90 kwa kutumia jozi zote nne za waya.

Kwa nini volti 48, na si 12 za betri ya gari? Chukua kiwango cha mwaka 2003. Swichi inatoa angalau volti 44 na mkondo wa ampia 0.35, yaani wati 15.4. Kebo ya mita 100 inaruhusiwa kuwa na ukinzani wa omu 20 kwenda na kurudi. Inameza volti 7, na kifaa kinabaki na 37, sawa na wati 12.95. Sasa jaribu kupeleka wati hizohizo kwa volti 12. Mkondo utapita ampia 1, na kebo ileile itataka kumeza zaidi ya volti 20, ambazo betri yenyewe haina.

Hesabu hiyo inaeleza pia hasara ya kebo rahisi. Kebo nyingi za bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba juu, na ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba halisi. Data inaweza kupita vizuri, umeme ukafika umechoka. Kwangua waya mmoja kwa wembe kabla hujalipa: shaba ni nyekundu mpaka ndani, alumini itang'aa nyeupe.

Kosa la wanunuzi wengi, hata hivyo, ni kuhesabu matundu. Swichi ya matundu 8 haina maana kwamba ina nguvu ya kulisha vifaa 8. Kuna tarakimu nyingine, mara nyingi kwa herufi ndogo mgongoni au kwenye adapta: jumla ya wati inazoweza kutoa kwa matundu yote pamoja. Tuseme ofisi ina kamera 4, vifaa 2 vya Wi-Fi vya wati 12 na simu 2 za wati 4, na swichi imeandikwa wati 60. Mchana kila kamera inakula wati 4. Jumla ni 48, na fundi anaondoka akishukuriwa. Karibu saa kumi na mbili jioni jua linazama, taa za kuonea gizani zinawaka ndani ya kamera, kila moja inapanda hadi wati 8. Jumla inafika 64. Swichi haiungui, inazima tundu moja, na kwa aina nyingi ni lile lenye namba ya juu. Kama kamera ya geti ndiyo iliyochomekwa tundu la 8, geti halionekani usiku, asubuhi kamera ni nzima, na mlinzi anaanza kushukiwa. Mimi ningenunua swichi ya wati 90 au zaidi, kisha kamera ya geti niichomeke tundu la 1.

Kuhusu betri, vifaa hivyo pamoja na swichi yenyewe ni kama wati 75. Betri ya risasi ya volti 12 na ampia-saa 200 ina wati-saa 2,400, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu: unapata saa 16. Pitisha kwenye inveta, kisha kwenye adapta ya swichi, moja ya tano ikapotea kuwa joto, na zinabaki saa 13 hivi. Zipo swichi zinazopokea volti 48 moja kwa moja kutoka betri 4 zilizoungwa mfululizo, bila inveta. Ni njia nzuri, ila soma ukomo wake: nyingi hukomea volti 57, na betri hizo zikichajiwa na sola adhuhuri hupita hapo.

Imebaki radi. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa 2016 uliiweka Kabare, Kivu Kusini, kileleni mwa Afrika kwa mimweko 205 kwa kilomita ya mraba kila mwaka, na mvua za Tanganyika nazo haziji kimya. Kebo inayotoka mnarani hadi swichi ni njia ya wazi. Mnara uwe na waya wa ardhini, kebo iwe yenye ngao, na kinga ya radi ikae pale inapoingia ndani. Kati ya majengo mawili ningeacha shaba kabisa, niweke kebo ya kioo na swichi ndogo kila upande. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo kila jengo litahitaji betri yake, lakini radi ikipiga upande mmoja haitavuka kwa kebo hiyo kwenda kuunguza mwingine.