Babu Aliyechukuliwa Vitani Asirudi: Kumbukumbu za Wapagazi na Hukumu ya Mafquud

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Suala hili limetufikia zaidi ya mara moja hapa Msuka, baada ya darsa ya Alasiri. Mzee wa ukoo alichukuliwa katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 kwenda kubeba mizigo ya jeshi Bara, hakurudi, na alichokiacha hakijagaiwa kisheria hadi leo. Wajukuu wanauliza alikufa wapi na lini. Wapo wanaodhani hiyo ni hamu ya hadithi za kale tu. Sisi tunasema kuwa tarehe ya kufa kwake ndiyo inayoamua nani mrithi na nani si mrithi.

Vita vilifika Unguja mapema. Tarehe 20 Septemba 1914 manuwari ya Kijerumani Königsberg iliipiga na kuiangamiza Pegasus ya Waingereza mbele ya mji. Baadaye vita vikahamia Bara, Kilwa, Rufiji na Lindi, mahali ambapo ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o na njia za gari hazikuwepo. Kwa hiyo mzigo ukabebwa na binaadamu. Wapagazi walikusanywa kwa malaki kutoka kila upande wa Afrika Mashariki, visiwa vyetu vikiwemo. Jina la jeshi hilo la wapagazi, likatamkwa na watu kwa ulimi wao, ndilo lililobaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Hesabu za Waingereza wenyewe za wapagazi waliokufa zinapita 40,000, wengi kwa kuhara damu, homa na njaa, si kwa risasi.

Basi majina yao yako wapi? Askari Waingereza waliandikwa kila mmoja kwa jina lake. Wapagazi walijengewa masanamu matatu, Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, yenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, bila jina hata moja la aliyekufa. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hayo katika ripoti yake: watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo kijana asiyeliona jina la babu yake katika orodha ya Tume hiyo kwenye intaneti asiseme babu hakwenda. Kutokuandikwa si dalili ya kutokuwepo.

Anayetafuta aanze kwa wazee kabla ya karatasi. Aandike jina la babu, la baba yake na la babu yake, lakabu yake, mtaa wake, na sheha wa wakati ule. Karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia, na "Makame" mmoja anaweza kuonekana kwa tahajia tatu. Kisha aende Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, zilikohifadhiwa faili za serikali ya Mdhamini pamoja na za mirathi. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, ina shajara za vikosi vya vita hivyo. Hizo hutaja maofisa kwa majina na wapagazi kwa idadi, lakini zinaonesha kikosi kilikuwa wapi na mwezi gani. Aliyekuwa askari, si mpagazi, ana nafasi bora kidogo ya kupatikana.

Sasa tuje kwenye hukumu. Mtu asiyejulikana hai au maiti huitwa mafquud. Katika madhehebu ya Imamu Shafii mali yake huzuiliwa mpaka ithibiti bayina ya kufa kwake, au upite muda ambao mfano wake haishi zaidi ya hapo kwa kawaida, na kadhi ahukumu kuwa amekufa. Akihukumu kwa muda, wanaorithi ni waliokuwa hai wakati wa hukumu. Ikithibiti tarehe, wanaorithi ni waliokuwa hai siku ile.

Tuchukue mfano. Mtu wa miaka 27 amepotea 1917, ameacha mama, mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Ikithibiti amekufa 1917, mali inagawika mafungu 72: mama 12, mke 9, mwana 34, binti 17, na fungu la kila mmoja linashuka kwa warithi wake. Isipothibiti, na kadhi akahukumu mwaka 1985, wakati mama, mke na mwana wamekwishafariki, binti yuko hai na yupo mjukuu mwanamume wa yule mwana, basi binti anachukua 36 na mjukuu 36. Warithi wengine wa mama na wa mke hawana kitu. Tofauti yote hiyo imetoka katika tarehe moja.

Je, karatasi pekee inatosha? Mu'tamad kwa Mashafii ni kuwa kadhi hahukumu kwa maandishi matupu. Lakini ushahidi wa istifadha, yaani habari iliyoenea kwa watu wengi, unakubaliwa katika kufa kama unavyokubaliwa katika nasaba. Basi ikiwa ukoo umepokezana kuwa fulani alifia Rufiji, na daftari likataja jina, namba na tarehe, daftari linakuwa qarina inayoipa nguvu istifadha. Kadhi ndiye mwenye kupima. Mjukuu asijigawie mwenyewe kwa nakala aliyoichapisha.

Jambo moja husahauliwa. Baba wa mpotevu akifa nyumbani kwa homa ya mafua ya 1918, na mwanawe pia akathibiti kufa, lakini haijulikani nani alitangulia, hawarithiani. Kwa hiyo hata mwezi una thamani, usiridhike na mwaka.

Katika mihrabu ya msikiti wa kale wa Msuka Mjini imechorwa tarehe ya mwaka 816 Hijria, sawa na 1413 au 1414. Waliopita hapa walijua kuacha tarehe. Wazee waliosikia habari za wapagazi kutoka kwa wake zao na watoto wao sasa ni wachache mno. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani kwake aende na daftari wiki hii, na mashahidi wawili wakae pembeni wasikie.

Wallahu a'lam.